Saksafoni Tuliyoichoma Kasoli

Kaka yangu Mayala Bundala tulimzika Kasoli mwezi wa nane mwaka 2023, siku ya Jumanne, pamba ikiwa imekwisha kuuzwa na mashamba yamebaki na mabua tu. Kwenye msiba alitajwa kama mkulima na muumini mwaminifu. Yote mawili ni kweli. Lakini kwa miaka karibu thelathini kaka yangu alikuwa mpuliza saksafoni, na jambo hilo lilitajwa mara moja tu, tena kama maradhi ambayo Bwana alimponya. Mimi ni mdogo wake wa kike, Nyanjige, fundi cherehani mjini Bariadi. Namwamini Mungu, na sitaki kusema uongo juu ya marehemu.

Alizaliwa mwaka wa njaa, na ndivyo jina lake linavyosema kwa Kisukuma. Alipofika darasa la sita baba alimpeleka Bariadi akae kwa shangazi asome vizuri. Siku hizo kiwanda kimoja cha kuchambua pamba pale mjini kilikuwa na bendi yake. Wafanyakazi walishinda kwenye mashine, wakitoka wanaoga kutoa vumbi la pamba, kisha wanapiga dansi ukumbini. Fundi mitambo mmoja, Mzee Marcelo, ndiye aliyekuwa na saksafoni. Mayala alisimama dirishani kwa wiki kadhaa, mpaka mzee akamwita ndani amuulize anatafuta nini. Kaka akasema anatafuta kujua ile sauti inakaa wapi.

Marcelo hakumpa chombo. Alimpa kipande cha mdomoni peke yake, kile chenye ulimi wa tete ambao wao huuita ridi, akamwambia akipulize mpaka kitoe sauti moja isiyotetemeka. Likizo ile alikuja nacho nyumbani akawa anapuliza karibu na zizi. Nakumbuka baba alitoka nje akasikiliza, akamuuliza mama, ambaye sisi sote tulimwita mayu, "Huyo ndama anayelia hivyo amefiwa na nani?" Tulicheka mpaka mayu akafuta machozi kwa khanga. Kaka hakukasirika. Aliendelea kulia kama ndama.

Bendi ilikufa kiwanda kilipoanza kuyumba. Marcelo alikuwa amepoteza meno ya mbele, na mpuliza saksafoni asiye na meno ya mbele ni kama mkulima asiye na mikono. Akamkabidhi Mayala chombo chake chote, na kwenda kwao kupumzika. Mwaka 1996 kaka alipanda gari kwenda Mwanza, akapata kazi kwenye bendi ya hoteli moja kando ya ziwa. Huko ndiko alikokutana na muziki wa Wamarekani weusi, ule wa ridhimu-na-bluzi, kwenye kanda alizoazima kwa wageni. Bendi nyingine zilipiga dansi ya Kikongo. Yeye alikaa na kanda zile, akizirudisha nyuma na kuzisikiliza tena mpaka zikakatika.

Nilimuuliza mara moja wale watu wanaimba nini, maana Kiingereza changu cha sekondari hakikutosha.

"Wanalia," alisema. "Wanalia kama sisi msibani, ila wao wanakuruhusu ucheze."

Alikaa Mwanza miaka kumi na minane. Alioa, mkewe akamwacha bila mtoto, na wala hakumlaumu. Mume anayeishi kwa pumzi zake, alisema, mke anahesabu pumzi badala ya fedha. Mwishowe hoteli ilibakiza mtu mmoja na kinanda, halafu spika tu. Mwaka 2014 alirudi Kasoli na sanduku lake jeusi, akiwa na miaka arobaini, akashika jembe. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Mayu alifurahi, lakini lile sanduku lilimsumbua. Alisema kitu kilichokula ujana wa mwanawe bado kimelala chini ya kitanda kinasubiri kula na uzee.

Hapa nieleze jambo la ngoma, maana lote lililofuata lilitokana nalo. Kwetu, baada ya mavuno, makundi mawili ya ngoma hushindana uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Hakuna jaji. Watu wenyewe ndio jaji: upande unaovuta umati ndio ulioshinda. Kwa sababu hiyo manju, yaani viongozi wa ngoma, tangu zamani hutafuta dawa ya mvuto inayoitwa samba. Hufungwa kwenye ngozi au kitambaa, hufichwa kwenye ngoma au kiunoni, na watu huamini kwamba ndiyo inayowakokota miguu. Mwaka 2017 manju mmoja kule Lagangabilili alimwomba kaka akaungane nao. Nilikwenda kuona.

Mwanzoni watu wa upande wa pili walimzomea. Walimuuliza kama amekuja na bomba la kunyunyizia viwavi. Mmoja akapiga kelele kwamba mzee aangalie asije akameza ile tarumbeta. Kaka alisubiri ngoma zikolee. Kisha akaingia juu yake na zile bluzi zake, taratibu, kama mtu anayeeleza habari mbaya kwa upole. Nilishuhudia kwa macho yangu umati ukigeuka. Wanawake walishika watoto wao mikono wakavuka uwanja. Upande ule mwingine ulibaki na wapiga ngoma wake na mbwa wawili. Wakati wa kurudi, kila mtu barabarani alisema neno moja: yule mtu wa Kasoli ana samba kali.

Kaka alilichukulia kama sifa. Mimi nililiweka moyoni.

Mwaka uliofuata mayu aliugua, na kaka alimsindikiza kanisani kila Jumapili kwa baiskeli. Kidogo kidogo akaacha kusubiri nje. Siku moja aliinuka, akaenda mbele akatubu. Hakuwa na mengi ya kutubu, Mungu ndiye anajua, lakini alitubu kwa kweli. Mchungaji wetu, kijana aliyetoka chuoni, alimuuliza ana kipawa gani. Akasema anajua kupuliza. Wazee walijadiliana juma zima, wakakubali apulize wimbo mmoja wa kitabuni siku ya Pasaka, chombo kikishaombewa.

Sijawahi kumwona mtu mzima akiwa na furaha kama ile. Alifanyia mazoezi shambani kila siku baada ya palizi. Aliniambia kwamba kwa miaka yote amepuliza watu wakila, wakinywa, wakizungumza, na hajawahi kupuliza mahali ambapo watu wamenyamaza wanasikiliza. "Nikipuliza pale mara moja tu," alisema, "hata nikifa sina deni na Marcelo."

Alhamisi kabla ya Pasaka nilikuja Kasoli. Nikaona saksafoni imeota ukijani, nikasema niisugue kwa ndimu na majivu ing'ae, nimfurahishe. Yeye alikuwa shambani. Nilipoiinamisha, kamba ikaning'inia mdomoni mwa chombo. Nikavuta. Kikatoka kitambaa chekundu kimekunjwa kwenye kamba ya ngozi nyeusi, kamba ina mafundo, na mwisho wake kuna kipande kizito cha madini ya risasi.

Mimi nashona. Vitambaa ndiyo kazi yangu tangu nimalize kidato cha nne. Ningekifungua ningeona ni kitambaa kitupu. Ningesubiri nusu saa kaka angerudi, ningemuuliza. Badala yake niliiona ile siku ya Lagangabilili na wanawake wanavuka uwanja. Nilikifunga kwenye mfuko wa nailoni bila kukigusa tena, nikakipeleka kwa Mzee Mboje.

Mzee Mboje alikuwa mzee wa kanisa, na kabla ya kuokoka alikuwa manju mwenye jina. Hakuwa mtu mbaya. Alipokiona alikaa chini. Alisema nguo nyekundu, ngozi nyeusi, risasi na mafundo, hivyo ndivyo alivyofunga yeye mwenyewe kwa mikono yake kwa miaka kumi na moja, na kwamba anamshukuru Mungu kwa kunifungua macho. Jioni ile wazee walikutana nyumbani kwetu, mayu akiwa amekaa kwenye mkeka. Kaka aliitwa akaonyeshwa.

"Hicho ni kitambaa cha kufutia," kaka alisema. "Mate yanaingia ndani. Unaangusha risasi, unavuta kamba, kitambaa kinapita."

"Na mafundo?" Mzee Mboje aliuliza.

"Mkono ukilowa kamba inateleza."

"Na kwa nini chekundu?"

"Kilikuwepo chekundu."

Mzee Mboje alimtazama kwa huruma. "Mwanangu, mimi pia niliambia watu kwamba yangu ni ya kufutia jasho."

Mchungaji aliuliza kama wana hakika. Alisema hakukulia kwenye mambo haya, anawategemea wazee. Wakasema wana hakika. Kaka akanigeukia mimi, dada yake, fundi wa vitambaa. Nilitazama mkeka. Ndipo mayu akasema, kwa Kisukuma, kwamba hataweka mkono sahani moja na mtu anayefuga samba nyumbani kwake, hata kama ametoka tumboni mwake, na kwamba Pasaka hii atafunga kula mpaka kitu kile kitoke.

Mayu alikuwa amekonda kwa ugonjwa. Alikataa uji Ijumaa Kuu asubuhi na mchana. Jioni kaka alikwenda mwenyewe kwa mchungaji akasema saksafoni ichomwe pamoja na kitambaa.

Kwa desturi ya kanisa letu, mtu anayeokoka huleta hirizi na vitu vya mizimu vikachomwa mbele ya watu, wakiimba. Nimeona vikichomwa mara nyingi, nimeimba, na bado naamini ni vema. Jumamosi ile kaka aliibeba saksafoni mikononi bila sanduku, akaiweka motoni yeye mwenyewe. Shaba haiungui kama mti. Kwanza ngozi za vitufe ziliungua zikanuka kama kwato. Halafu lehemu ikayeyuka, vitufe vikaanza kudondoka kimoja kimoja ndani ya makaa, na kila kilipodondoka watu waliitikia haleluya. Nami niliitikia. Kitambaa kilikuwa kimeteketea zamani.

Siku ya Pasaka kaka alikaa benchi la mwisho. Mayu alikula.

Hakunywa pombe, hakuacha kanisa, hakututukana. Ningependa kusema alifanya moja ya hayo, maana mtu angepata pa kushika. Alilima. Alipulizia pamba dawa bila kufunga kitambaa puani, nikimkanya ananiitikia tu. Shule moja ya Bariadi iliyoanzisha bendi ya vijana ilimtuma mtu kumwomba akafundishe, akajibu hana chombo na hajui tena. Alianza kukohoa mwaka uliofuata.

Mwaka 2020, harusi moja mjini Bariadi iliyoshonewa nguo na mimi ilileta bendi kutoka Mwanza. Mpuliza saksafoni alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, anaitwa Elia, mwalimu wa muziki. Walipomaliza nilikuwa nakusanya vitambaa vya mapambo pembeni yake. Akachukua saksafoni, akaangusha kitu ndani yake, akaipindua, akavuta kamba. Kikatoka kitambaa. Cha kwake kilikuwa cha kijani.

Nilimuuliza ni nini. Nadhani sauti yangu ilikuwa mbaya, maana alinitazama vizuri kabla ya kujibu.

"Ni cha kufutia mate, mama. Kila mpuliza saksafoni anacho."

"Kila mmoja?"

"Labda asiyependa chombo chake."

Nilikaa kwenye kiti cha bwana harusi. Nikamweleza yote, pale pale, na yule mgeni akaacha kufunga vitu vyake akanisikiliza. Hakunilaumu. Alisema bendi inalala mjini, kesho nimlete kaka, atampa chombo apulize kadiri anavyotaka.

Nilimpigia kaka simu. Nilimwambia tu kuna mtu anataka kumwona. Alikuja asubuhi kwa bodaboda, amevaa shati la kanisani. Elia alimwamkia shikamoo, akamwekea saksafoni mikononi. Vidole vya kaka vilikwenda mahali pake vyenyewe. Alilowesha ridi kwa ulimi, akaangalia chini kidogo kama anavyoangalia mtu anayetaka kuomba, akapuliza.

Ilitoka hewa. Akapuliza tena, ikatoka sauti fupi iliyotetemeka, ikakatika, na kikohozi kikamshika mpaka akashika meza. Mara ya tatu hakufika hata kwenye sauti. Elia alimwambia apumzike, ajaribu ridi laini zaidi. Kaka alitikisa kichwa. Alichukua kile kitambaa cha kijani, akakipitisha ndani taratibu, akakivuta, akamrudishia mwenzake chombo kikiwa kikavu.

"Wabeja," alimwambia kwa Kisukuma, yaani ahsante. Kisha akanigeukia. "Pumzi haipo, Nyanjige."

Nilimsindikiza mpaka kwenye kituo cha bodaboda. Njiani nilimwomba msamaha. Nilisema nitakwenda kwa mchungaji, nitasimama mbele ya kanisa, nitasema nilikosea, hakuwa na samba, hakuwahi kuwa nayo.

"Mayu atakuwa amekaa benchi la mbele," alisema.

"Ndiyo. Naye anapaswa kujua."

"Ana miaka themanini na mbili. Unataka afe akijua kwamba alinifungia kula kwa ajili ya kitambaa?"

Nilimshika mkono asitangulie.

"Mimi nilijua siku ile kwamba mmekosea," alisema. "Nikachoma kwa kujua, ili ale. Ukimwambia, nitakuwa nimechoma bure. Niapie."

Nikamwapia, ingawa Bwana alitukataza kuapa.

Nilijaribu mengine. Nilimwendea Mzee Mboje peke yake nikamweleza nilichokiona harusini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema inawezekana wapo wanaofutia mate, lakini kile alichokiona yeye anakijua. Nafikiri hakuweza kusema vinginevyo. Amechoma vitu vya watu wengi kwa hakika kama ile. Gamba la shaba lililosalia la saksafoni lilikuwa bado kwenye shimo la moto nyuma ya kanisa. Nikalichukua, nikalipeleka kwa fundi wa kuchomelea mjini. Aliligeuza mara mbili akaniuliza lilikuwa nini. Nilipomwambia, alicheka kwa upole, akasema, "Dada, hiki uwape wanunuzi wa vyuma chakavu."

Kaka aliishi miaka mitatu mingine. Hospitali walimpima kifua kikuu hakuwa nacho. Walisema mapafu yamechakaa, wakamwuliza kazi yake, akajibu mkulima. Mwaka wa mwisho hakuweza kutoka kitandani mpaka mlangoni bila kupumzika katikati. Niliomba usiku na mchana. Nilimwomba Mungu achukue pumzi zangu ampe yeye, hata za wimbo mmoja. Sijui kwa nini hakunijibu, na sitajifanya najua. Alfajiri ya Jumapili alimwomba mayu amshike mkono, na akafa akiwa ameshikwa.

Kwenye mazishi mchungaji yule yule alihubiri vizuri. Alisimulia jinsi ndugu yetu alivyokuwa amefungwa na nguvu za giza ndani ya chombo cha muziki, na jinsi alivyokitia motoni kwa mikono yake mwenyewe. Alisema kwa nia njema, akiwa na machozi. Watu waliitikia amina. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kaburini. Maneno yalikuwa mdomoni, yote, kitambaa, mate, kamba, harusi. Mayu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele yangu, ameinamisha kichwa, na kwa kila amina alikiinua kidogo kama mtu anayepewa maji. Nikafunga mdomo. Udongo ukaingia.

Sasa ninaishi na mayu Kasoli, maana hawezi tena kuachwa peke yake. Haoni vizuri. Jana nilikuwa namlisha ugali na mlenda, akashika mkono wangu ukiwa na tonge.

"Nyanjige, mwanangu," alisema. "Ninafikiri sana habari za kaka yako."

"Najua, mayu."

"Ingekuwa lile tarumbeta lipo mpaka leo, angekuwa wapi sasa? Angekuwa motoni. Ni wewe uliyeliona. Mungu akubariki. Tulifanya vema kulichoma, sivyo?"

Alisubiri. Hakutaka kula mpaka nijibu.

"Ndiyo, mayu," nilisema. "Tulifanya vema." Akafungua mdomo, nikamlisha.